Nishafahamu: shajara ya wimbo mmoja

Siku ya 1

Jina la wimbo limepatikana kabla ya wimbo wenyewe. Nilikuwa ndani ya daladala ya 505, hapa Unguja, narudi mjini, jua la saa kumi linapiga dirishani, na dada aliyekaa mbele yangu anazungumza na simu. Yaani hazungumzi, anazungumziwa. Sauti ya mwanamme upande wa pili tulikuwa tunaisikia gari nzima, na neno moja lilikuwa halimtoki mdomoni: nikufahamishe. "Ngoja nikufahamishe. Hujanifahamu. Wewe kufahamu kwako tabu." Yule dada akasubiri mpaka jamaa akavuta pumzi, akasema: "Nishafahamu. Ahsante." Akakata. Hata utingo alisahau kudai nauli.

Nilishuka Darajani neno nimeshaliandika kwenye simu yangu. Wenzetu wa Bara wangesema "nishaelewa", lakini kuelewa hakuna ile harufu ya ofisi. Kufahamishwa ni jambo linalokuja kutoka juu, kama tangazo. Mtu anayekufahamisha kila siku huyo si mwenzio tena, amejipa cheo.

Wimbo ninaoutaka ni huo. Kumkataa mtu anayekupenda huku anakudunisha. Si mlevi, hapigi, hana mwengine wa nje. Hao nyimbo zao zipo tele. Huyu wangu hana wimbo kwa sababu hata kumshitakia kwa wazee ni tabu. "Kakufanya nini?" "Ananisahihisha." Utachekwa, uambiwe urudi ukapike.

Siku ya 2

Nimejiwekea masharti mawili. Wimbo usizidi dakika tatu na nusu, na kibwagizo mtoto wa skuli akikisikia mara moja akiimbe njiani. Sharti la tatu nililiandika nikalifuta.

Siku ya 4

Kazi ya usiku mzima imekwenda kapuni, na inastahili. Nilimwita jamaa kasuku. Nikamwita debe tupu. Nikamwita mwalimu asiye na darasa, hilo peke yake ndilo lililobaki kunipendeza asubuhi. Prodyuza, kijana wa Kikwajuni aliye rika la mdogo wangu wa mwisho, alicheka mpaka akajipiga paja. "Hii ndiyo yenyewe, dada. Watu wanataka kijembe." Hakukosea. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya rusha roho imejaza kumbi kwa mipasho, na hata sisi wa zenji fleva, muziki wa vijana wa Zanzibar, tunakula kwenye sinia lile lile.

Ila nikiisoma mwenyewe, mtu anayesikika mle ndani ni mimi ninayemuwaza yeye usiku kucha. Hilo silo nililolisikia ndani ya gari.

Siku ya 5

Nimempigia khalti, dada wa mama, yuko Wete, Pemba. Shikamoo, marahaba, hujambo wewe, karafuu vipi, mvua vipi, mpaka tukafika. Nikamsomea beti zote tatu za matusi. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamfukuza kuku, halafu akaniuliza:

"N'ambie mwanangu. Huyo unamtukana ili aende ama ili arudi?"

Nimefuta beti zote tatu.

Siku ya 6

Leo sikuandika mstari hata mmoja. Nilikaa Forodhani, kelele za watoto wanaojitupa baharini, namfikiria Siti binti Saad. Watu humkumbuka kwa kusafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kutia sauti kwenye santuri, mwimbaji mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Mie leo nilikuwa nakumbuka kisa kilichotangulia sifa. Siti alizaliwa Fumba, mtoto wa shamba, na alipopata jina mjini walitokea waliomwimba kwa kejeli: katoka shamba na kaniki chini, kama si sauti angekula nini. Jawabu lake lilikuwa wimbo pia, na ndani yake hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba si uzuri wala ukoo, hasara ya mtu ni kukosa akili. Akapita. Miaka mia karibu inafika, jawabu tunalo, na aliyemkejeli hakuna anayemjua kwa jina.

Mie nami ni wa shamba kwa mtu wa mjini. Mpemba, tena wa kusema nti badala ya mti, nkono badala ya mkono. Shauri hili sikutaka liingie kwenye wimbo. Sasa naona ndiko linakokwenda.

Siku ya 8

Mstari wa kwanza wa kweli umetoka kwenye bakuli la urojo.

Wanaoniuliza wimbo unamhusu nani, jawabu nitalitoa mara moja tu hapa. Alikuwepo mtu. Jioni moja tulisimama kwenye meza ya urojo, mama anachota, mbatata, bajia, kachori, chipsi za muhogo juu. Akaniuliza mimi, ananitazama mimi: "Nikutilie pilipili?" Nikafungua mdomo. Mwenzangu akajibu: "Hawezi huyu."

Mimi. Niliyekulia Wete, nyumba ambayo pilipili inakaa mezani kabla ya sahani.

Wala hakusema kwa ubaya, alisema kwa mapenzi, kanishika na bega. Ndiyo maana ilinichukua miaka miwili. Sasa imeingia kwenye mizani, nane kwa nane:

*Mbele ya watu wacheka, wajibu niloulizwa*

Nimeuimba jikoni mara ishirini. Bakuli la urojo halimo ndani ya mstari na wala halihitajiki.

Siku ya 9

Beti mbili zimekamilika. Nimefuata mpango wa taarabu: mistari mitatu, vina vya kati na vya mwisho, kisha kibwagizo. Prodyuza anasema hakuna anayehesabu mizani siku hizi. Namwambia sikio linahesabu hata kama mwenyewe hana habari.

*Ulinikuta naimba, ukaisifu sauti*
*Ukanijengea nyumba, isiyokuwa na kiti*
*Kila neno lina kwamba, sema "mti" sio "nti"*

*Nishafahamu, ahsante, somo lako limekwisha*
*Chukua chaki na pete, mlango nisharudisha*

*Mbele ya watu wacheka, wajibu niloulizwa*
*Nikinyamaza wataka, nishukuru kwa kufunzwa*
*Mwana unayemsaka, kwetu bado hajakuzwa*

Chaki ni masalio ya yule mwalimu asiye na darasa wa siku ya 4. Pete ilikuja yenyewe kutafuta kina, ikakaa. Mstari wa mwisho wa ubeti wa pili bado unaniwasha, naona una vumbi la vitabuni. Nitauacha ulale.

Jambo moja la kuimbia: katika "nti" ile n inasimama peke yake kama silabi, kama ile m ya "mti". Kwa hiyo inashikika. Naweza kuivuta, nnnn, kabla ya kuitua. Jamaa alikuwa ananikatia pale pale, na pale pale ndipo nitakapokaa.

Siku ya 11

Biti. Kijana alikuja na amapiano ya mapigo 112 kwa dakika, besi inanguruma mpaka vikombe vinacheza. Nzuri kwa kucheza. Lakini mwanamke wa kwenye gari hakuwa na haraka, na mapigo yale yananifanya nisikike kama namkimbia mtu. Mie nilitaka 92. Tumegombana kwa adabu, soda mbili kila mmoja, tukaishia 100.

Nilichokipigania mpaka mwisho ni kidumbak. Nyumbani harusi haikuwa harusi bila ya kidumbak: ngoma mbili ndogo, fidla inayolia juu, cherewa za vifuu zinachacharika, mkwasa wa vijiti, na lile sanduku la besi lenye kijiti na kamba moja. Hilo sanduku ndilo taarabu ya mtu asiye na pesa za taarabu. Tumelirekodi la kweli, tumelikopa kwa mzee mmoja wa Ng'ambo kwa masharti ya kulirudisha kabla ya Alhamisi. Halitoi noti safi. Linatoa kishindo chenye noti ndani yake, na mnguruko wa amapiano ulipokaa juu yake yakashikana kama ndugu wasiojuana. Hapo prodyuza akavua kofia. Sikusema neno, ila nilifurahi.

Siku ya 12

Umeme umekatika saa tatu usiku, cherewa zote zilikuwa hazijahifadhiwa. Tumerudia asubuhi. Za pili hazikufika za kwanza, na nitalisema hilo mpaka kufa kwangu.

Siku ya 14

Kwa maalim wa ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, Mji Mkongwe, ngazi za giza, paka watatu. Maalim ni mtu wa zamani, kwake muziki umeanza na Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 na vyengine vyote ni wageni. Kabla ya kugusa uzi alinipa darasa: jinsi Sultani Barghash alivyompeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza ganuni, akarudi nayo hapa. Hadithi hiyo nimeisikia mara kumi. Nimeisikiliza ya kumi na moja, kwa sababu yeye alinitazama wakati wa kusema, akaniuliza na mimi nimefika wapi, akasubiri jawabu. Kufunzwa kuko namna nyingi.

Nikamwimbia ubeti wa kwanza bila ya chombo. Akafumba macho. "Mwanangu, unajua kama umeingia kwenye Rast?" Sikujua. Rast ni moja katika maqam, ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Ndivyo nilivyosikia nyimbo tangu utoto, koo imekwenda yenyewe. Akanionyesha. Ukianzia do, noti ya tatu ya Rast si mi ya piano wala si ile iliyo chini yake, iko katikati, robo ya sauti chini ya mi. Ganuni inaifikia kwa vile vijichuma vilivyopangwa ubavuni: unakiinua au unakilaza, uzi unabadilika. Kinanda cha kawaida noti hiyo hakina. Ukibonyeza mi umepitiliza, ukibonyeza nyeusi ya kushoto hujafika.

Na mie silabi ninayoitua hapo ni ipi? Ile n ya "nti".

Maalim alipiga mara tatu, mara ya tatu tukaichukua. Malipo alikataa, akachukua kahawa.

Siku ya 16

Siku ndefu. Naandika yote kwa sababu nataka kuikumbuka.

Tumeingiza sauti yangu asubuhi, mara sita, ya nne ndiyo bora. Nikatoka kwenda kusali. Niliporudi kijana alikuwa ameshaitia ile programu ya kunyoosha sauti, amechagua ufunguo wa C meja, yaani do-re-mi ya piano. Akabonyeza tusikilize. Ubeti unakwenda, unapendeza, umeng'ara kama sahani iliyooshwa. Ukafika kwenye "nti". Imenyooka kama rula.

"Mbona imekuwa hivi?"

"Ulikuwa flati kidogo, dada, chini ya noti. Nimekurekebishia."

Nilikaa chini. Kijana akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi, na mie kicheko kimenibana mpaka machozi. Tumetunga wimbo mzima kumkataa mtu anayenisahihisha "nti", na mashine imeingia kimya kimya ikasahihisha "nti".

Kicheko kilipoisha tukafanya kazi. Kwa faida ya mwenzangu atakayekutana na jambo hili, mambo yanakwenda hivi. Programu inasikiliza sauti, inaipima, inaitafutia noti ya karibu kwenye orodha iliyopewa, kisha inaivuta. Orodha ya C meja ina noti saba, na mi ni moja wao. Sauti yangu iko senti 50 chini ya mi, yaani nusu ya njia kwenda kwenye noti ya chini yake. Noti ya chini haimo kwenye orodha, basi mashine inanivuta juu. Kijana akajaribu kuipa noti zote kumi na mbili, ikawa balaa jengine: niko katikati hasa, mara inanivuta juu, mara inanivuta chini, ile n ikatetemeka kama redio inayotafuta stesheni. Mwisho tukaiambia ukweli. Kwenye mipangilio yake mna pahali pa kubadilisha kila noti, tukashusha mi senti 50, na noti ya saba, ile iitwayo "si", nayo vile vile, maana Rast inazishusha zote mbili. Kasi ya kuvuta tukaiweka ndogo kabisa. Ganuni ya maalim ndiyo ilikuwa mizani yetu: ikikubaliana nayo, tunasonga.

Likabaki tatizo la kinanda. Kodi ya C meja, yaani noti zake tatu zinazopigwa kwa pamoja, ina mi ya piano ndani yake, ukiiweka chini ya sauti yangu zinasuguana, na msikilizaji atasema mwimbaji ndiye mbovu. Dawa ilikuwa nyepesi kuliko tulivyodhani: kinanda kipige do na sol tu. Ya katikati tumeiacha kwa ganuni na koo langu.

Kijana alisikiliza mara ya mwisho bila ya kusema kitu. Halafu: "Kumbe hukuwa flati." Si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna noti baina ya noti.

Shilingi elfu hamsini ya siku. Nimelipa.

Siku ya 17

Nimelala.

Siku ya 20

Singo ya jirani, ile sherehe ya kumsugua biharusi manukato, Mwanakwerekwe. Wanawake watupu, udi umetanda, biharusi anasingwa kwa ndani. Wakaniambia imba hicho chako. Bila ya biti, makofi tu na sahani moja ya bati.

Nilikuwa natega sikio kwenye kibwagizo. Ndicho nilichokitungia mtego wote. Kibwagizo kilipokelewa vizuri, mara ya pili walishaanza kukiimba, sharti la siku ya 2 limetimia. Lakini hakuna aliyeinuka. Kwenye taarabu mtu akiguswa huinuka na noti ya pesa mkononi, anakuja anacheza polepole, anatunza, na wote mnajua kwamba anatunza kwa sababu zake. Nikaingia ubeti wa pili. "Mbele ya watu wacheka, wajibu niloulizwa." Akainuka mama mmoja wa makamo ambaye tangu magharibi hakuwa amesema neno. Elfu mbili juu ya kidole. Akaniwekea begani, akanitazama, akasema "rudia". Nikarudia. Wakainuka wengine wanne.

Kila mmoja ana bakuli lake la urojo.

Nilimtafuta yule mama baadaye sikumwona, alikuwa ameshatangulia kwa sababu nyumbani, nilivyoambiwa, hawapendi achelewe.

Kwa hiyo mabadiliko: mstari huo utarejea mwisho wa wimbo, mara nne, sanduku na makofi peke yake, ganuni kimya. "Mwana unayemsaka" nimeuacha ulivyo. Kule kwenye singo bibi mmoja aliupokea kwa "wallahi", nikaona labda vumbi lilikuwa machoni mwangu.

Siku ya 22

Tumerekodi mwisho mpya. Makofi tumeyapiga sote, na watoto watatu wa nyumba ya pili waliokuwa wanachungulia. Wimbo sasa dakika tatu na sekunde ishirini na moja.

Alikuwepo rafiki wa prodyuza, mtu wa heshima zake, anafundisha Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akasema wimbo mzuri mno, ila kuna kitu kidogo tu. Jina. Kwa usahihi ingekuwa "Nimekwisha fahamu", au angalau "Nimeshafahamu". "Ngoja nikufahamishe…"

Prodyuza akatoka nje mbio. Nikamsikia anacheka uani.

Siku ya 25

Nimemtumia khalti kwa simu ya binamu, maana yake yeye ni ya vitufe. Nikasubiri tangu alasiri. Baada ya isha ikaja sauti, upepo mwingi, na watu wanaongea nyuma, naona kauweka wimbo barazani watu wasikilize.

"Mwanangu, nimesikia. Sanduku zuri, limenikumbusha harusi ya mamako. Lakini hapo penye nti hapasikiki sawasawa, ngoma zinakufunika. Hebu pandisha."

Nimempigia kijana saa nne ya usiku. Tumepandisha desibeli mbili.